Nani Anasema? Kisa cha riwaya ya Peponi katika klabu ya vitabu ya redio Dodoma

Malalamiko yaliingia kwa ujumbe mfupi kabla kipindi hakijaisha: kwa nini redio yetu inatutukana? Ujumbe wa kwanza ulitoka upande wa Bahi, wa pili Chamwino, kisha simu ya studio ikaanza kuita mfululizo. Kilichokuwa kikisomwa hewani ni riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Msafara wa wafanyabiashara wa pwani umeingia bara, na wasafiri wanawazungumzia wenyeji wanaokutana nao njiani kama watu wasio na dini, wasio na ustaarabu, wasiofaa kuaminiwa. Mtangazaji aliyasoma hayo kwa sauti ileile anayotumia kutangazia bei ya mahindi ya Kibaigwa na taarifa za misiba.

Siku zilizofuata nilisikia maelezo ya aina mbili mjini. Wapo waliosema kwamba wasikilizaji wa vijijini hawaijui fasihi, wanamchanganya mhusika na mwandishi. Wapo waliosema kitabu chenyewe hakifai kusomwa redioni. Nimeisikiliza rekodi ya kipindi kile, na nilialikwa katika kikao cha tathmini kilichofuata, na kwa maoni yangu maelezo yote mawili yanakwepa tatizo. Wasikilizaji walisikia sawasawa kilichosomwa. Kitabu nacho ni kizuri, tena kinawahusu kuliko waliokichagua walivyodhani. Kasoro ilikuwa katikati, pale maneno yanapotoka kwenye ukurasa na kuingia sikioni.

Klabu ilivyofika hapo

Kituo ni redio jamii, na jina lake naliacha. Mawimbi yake yanafika mjini Dodoma na katika sehemu za Bahi, Chamwino na Kongwa. Klabu ya vitabu hurushwa mara moja kwa wiki, saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari, na tangu mwanzo lengo lake ni kusoma hadithi za dunia nzima kwa Kiswahili. Lengo hilo linawezekana kabisa. Hazina ya tafsiri tunayo na ni ya miaka mingi: Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969, Shamba la Wanyama ya George Orwell tunayo kwa kalamu ya Fortunatus Kawegere, Mariama Bâ wa Senegali tunamsoma katika Barua Ndefu kama Hii. Shida ni nakala. Maduka mengi ya vitabu mjini yanaishi kwa vitabu vya kiada na madaftari, na tafsiri za zamani mara nyingi huzioni ila kwa mtu aliyezihifadhi nyumbani tangu alipokuwa shule.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo kipindi kilikwenda hivi: mtangazaji anaeleza hadithi kwa muhtasari, kisha wageni studioni, aghalabu walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wanajadili dhamira, wahusika na mtindo. Simu kutoka vijijini zilikuwa chache, na waliopiga wengi walikuwa wanaomba salamu. Mama mmoja anayeuza karanga Kibaigwa alipiga usiku mmoja akamwambia mtangazaji, "Mwanangu, nyie mnakula mbele yetu, halafu mnatuuliza chakula kina ladha gani."

Hilo lilimgusa mtayarishaji, na ndilo lililokigeuza kipindi. Waliamua kwamba kitabu kisomwe hewani, mjadala ufuate baadaye. Naunga mkono uamuzi huo moja kwa moja. Klabu ya vitabu ya mjini hudhani kila mjumbe amekwisha kusoma nyumbani, anakuja na kitabu kwapani. Ya redio haina ruhusa ya kudhani hivyo. Msikilizaji wa Chipanga au Hombolo atakisoma kitabu hicho hewani, au hatakisoma kabisa.

Nchi hii si ngeni kwa jambo hilo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake, wakisikiliza kipindi pamoja, wakijadiliana, kisha wakienda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Wazee wa Dodoma wanaikumbuka. Mtayarishaji aliwatafuta wachache wao wamsaidie kuanzisha vikundi vya kusikiliza riwaya, na kikundi cha Bahi, ambacho kitarudi katika kisa hiki, kilizaliwa kwa njia hiyo. Wanakutana nyumbani kwa mwenyekiti wao, redio inawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na mwenye salio ndiye anayepiga simu kwa niaba ya wote.

Kitabu cha kwanza kusomwa kwa mtindo mpya kilikuwa tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol ya mwaka 1836, ambayo Christon Mwakasaka aliitafsiri kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Viongozi wa mji mdogo wanasikia kwamba mkaguzi kutoka makao makuu yuko njiani, anakuja kwa siri. Wanapagawa, na kijana mpita njia asiye na kitu wanampokea kwa heshima zote na kumpa pesa. Katika mji uliopokea wizara karibu zote tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, hakuna aliyehitaji kuelezwa hofu ile ni ya namna gani. Simu hazikuisha.

Kufaulu kwa Gogol kulificha jambo muhimu. Tamthilia ilisomwa na watu watano, kila mmoja na mhusika wake. Meya alikuwa na sauti yake, mtumishi yake, mke wa meya yake. Aliyefungulia redio katikati alijua mara moja kwamba anasikia watu wanaogombana, na hakuna aliyedhani kwamba ni kituo kinachozungumza. Timu ikaamini kwamba imepata dawa ya kusoma kitabu chochote.

Kwa nini Peponi, na kwa nini vipande

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza na ilitoka mwaka 1994. Mhusika wake mkuu ni Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye baba yake ana hoteli ndogo katika mji uliochangamka kwa sababu ya reli ya Wajerumani. Anachukuliwa na Aziz, mfanyabiashara ambaye yeye amelelewa akimhesabu kuwa mtu wa ukoo. Akifika pwani, kijana mwingine dukani, Khalil, anamfumbua macho: Aziz si ndugu yako. Wewe ni rehani ya deni la baba yako.

Sura za mwanzo zilipokewa vizuri mno. Dodoma yenyewe ni mji uliokua pembeni mwa reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Wasikilizaji waliuona mji wa Yusuf bila kuelekezwa.

Lakini riwaya nzima haisomeki kirahisi redioni. Kwa mwendo wa kusoma unaoeleweka, kurasa kumi hivi hula nusu saa. Riwaya ya kurasa 250 inataka vipindi zaidi ya 20, yaani karibu miezi sita kwa kipindi kimoja kila wiki, bila kuhesabu siku ambazo umeme unakatika au mtangazaji anaumwa. Tena ipo sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kuisoma hewani kunahitaji ruhusa. Hata pale ambapo mwandishi alifariki zamani, kama Gogol aliyefariki mwaka 1852, tafsiri ina ulinzi wake wenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimesikia vipindi vinavyosoma vitabu vizima kana kwamba vimeokotwa barabarani, na mfasiri wa Kiswahili ni mtu ambaye tayari analipwa kidogo. Klabu hii iliomba ruhusa kwa maandishi, ikaipata kwa sehemu zilizoorodheshwa kwa kurasa.

Hivyo zilichaguliwa sehemu. Nani alichagua? Watu watatu wa studio, jioni moja, kwa kigezo cha uzuri wa maelezo na mwendo wa matukio. Safari ya msafara ilichaguliwa kwa wingi: wapagazi, mizigo, ngoma za kuondokea, mapori, kiu. Ni kurasa nzuri sana. Lakini karibu zote zinatazama upande mmoja, kutoka kwenye msafara kwenda kwa watu wa njiani.

Usiku wenyewe

Rekodi inaonyesha kwamba utangulizi ulichukua chini ya dakika moja. Kisha mtangazaji akasoma peke yake, mfululizo, mpaka mapumziko ya matangazo ya biashara. Mazungumzo ya wasafiri aliyasoma vizuri, bila kuigiza, kama alivyofundishwa kusoma habari.

Baada ya ujumbe wa malalamiko kuanza kuingia, mtangazaji alifanya jambo la busara: aliacha kusoma, akafungua simu. Aliyepata nafasi ya kwanza alikuwa mzee kutoka kile kikundi cha Bahi.

"Mbukwenyi," alianza kwa salamu ya Kigogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina ugomvi na wewe. Nataka kujua tu, anayesema maneno hayo ni nani? Ni wewe, ni mwenye kitabu, au ni hao watu wa msafara?"

"Ni watu wa msafara, babu."

"Basi mngesema. Na sisi tuliokuwa tumekaa njiani, tunasema saa ngapi?"

Katika mambo yote yaliyosemwa studioni msimu ule na watu wenye shahada, sikusikia swali la kihakiki lililozidi hilo. Mzee aliuliza mawili kwa mpigo: sauti ni ya nani, na ni nani hajapewa sauti. Mwalimu wa fasihi angehitaji vipindi kadhaa kulifikisha darasa hapo.

Swali lake lina mizizi katika ardhi anayoikalia. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatisha Ugogo. Msafara ulitoka Mpwapwa, ukavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ukaingia nchi ambayo maji ni machache na kila kisima kina mwenyewe. Watemi wa Kigogo walidai hongo, ushuru wa kupita na kuteka maji, wakilipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na katika maandishi ya wageni wa aina yao Mgogo ni msumbufu anayedai malipo. Hayo ni maneno ya aliyekuwa na kiu na haraka. Aliyekuwa na kisima, na mifugo ya kunywesha mpaka mvua za Desemba, hakuandika kitabu. Mzee wa Bahi aliposikia sauti ya redio yake mwenyewe ikiwasema watu wa bara kwa dharau, alikuwa anayasikia maelezo ya upande uleule kwa mara nyingine.

Kilichosababisha

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Kwenye ukurasa, alama za kunukuu zinamlinda msomaji. Zinamwambia huyu ni fulani, mwandishi yuko pembeni. Hewani alama hizo hazipo. Mtu anarudi kutoka zizini, anafungulia redio, anakuta mtangazaji anayemwamini akisema wenyeji hawana ustaarabu. Hana ukurasa wa nyuma wa kurejea. Kumlaumu kwa kukasirika ni kumtaka ajue asichopewa.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi kwangu, na kikaoni ilichukua muda kuonekana. Gurnah hakuandika kitabu cha kuusifu msafara. Yusuf mwenyewe ni mali ya mtu, na kila hatua ya safari inaonyesha biashara ile inavyokula watu. Zaidi ya hapo, wapo wenyeji wanaosema. Msafara unapofika kwa Chatu, mtawala wa huko bara, anawanyang'anya mali yote na kuwaeleza sababu: mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Dhuluma ya mmoja wao imewarudia wao. Anasema kupitia mkalimani, na hata hapo msomaji anabaki na wasiwasi kama maneno yanafika yalivyo. Sehemu hiyo ilikuwa imepangwa kusomwa kwa ufupi, wiki kadhaa mbele. Kwa hiyo waliosikiliza walipewa dharau mfululizo bila jibu lake, ingawa jibu limo kitabuni. Anayechagua vipande anaamua nani ataongea, hata kama alikusudia tu kuchagua kurasa zinazopendeza.

Ya tatu naitaja haraka: studioni hakuwemo mtu hata mmoja anayeishi kando ya njia ile ya zamani. Wageni wote walitoka mjini.

Kikao

Meneja wa kituo alitaka kitabu kisimamishwe na msamaha usomwe hewani. Hofu yake ilikuwa ya haki. Leseni ni yake kuilinda, na malalamiko ya kukashifu kabila yakifika Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kituo kidogo kinaweza kutetereka. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili alikataa kabisa: ukiomba radhi kwa ajili ya kitabu, umekubali kwamba kitabu kimetukana, na kesho hutasoma riwaya yoyote yenye mtu mbaya ndani yake. Mtayarishaji alisikiliza muda mrefu, kisha akasema kwamba mzee hakuomba msamaha wala hakuomba kitabu kifungwe. Aliuliza atasema saa ngapi. Apewe saa.

Hapo ndipo kikao kilipogeuka. Wiki iliyofuata kipindi kilifunguliwa kwa maelezo mafupi: maneno yaliyosomwa ni ya wahusika, kituo kilipaswa kulionyesha hilo wazi, na leo tutamsikia mwenyeji. Walikuwa wameomba kubadilishiwa orodha ya kurasa na wakakubaliwa, sehemu ya Chatu ikaletwa mbele na kusomwa kwa kirefu. Ilisomwa na watu wanne. Masimulizi yalibaki kwa mtangazaji, wasafiri wakawa na sauti zao, mkalimani yake, na Chatu akasomwa na mwalimu mstaafu, Mgogo wa Mpwapwa, kwa lafudhi yake bila kuilainisha. Kila baada ya dakika chache, fundi mitambo alipiga mlio mfupi wa zeze na mtangazaji akasema: unasikiliza riwaya ya Peponi, wanaozungumza ni watu wa hadithini. Kwa aliyekaa na kitabu mkononi huo ni usumbufu. Kwa redio ni lazima, na sioni kwamba uliiharibu kazi ya mwandishi.

Mjadala uliendeshwa kutoka Bahi kwa simu ya mwenyekiti wa kikundi. Wazee walieleza waliyosikia kwa babu zao juu ya visima, ushuru na misafara iliyokataa kulipa. Hawakukubaliana wao kwa wao. Mmoja aliona Chatu alitenda haki. Mwingine akauliza wapagazi waliokufa kwa ajili ya deni la mtu mwingine walikosa nini. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, ambaye wiki iliyotangulia alizungumza sana, safari hii aliuliza maswali tu.

Kisha akapiga yule mama wa Kibaigwa. Yeye hakuwa na haja na Chatu. Alikuwa bado na Yusuf. "Mtoto anayechukuliwa hapa kijijini na mtu anayeitwa mjomba, anapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, na baba yake amepewa hela kidogo, ana tofauti gani na huyu?" Studio ilikaa kimya kidogo. Wasichana wa Dodoma na Singida wanaoondoka hivyo kila mtu anawajua. Ni wa nyumba ya jirani, na mara nyingine ni wa nyumba yake mwenyewe. Kipindi kilipita muda wake, na meneja, aliyekuwa nje ya kioo, alimwashiria fundi aendelee. Simu zilizofuata zilikuwa za wanawake kwa sehemu kubwa, na baadhi walieleza wazi kwamba wao walikuwa Yusuf.

Hakuna mgeni wa studio aliyekuwa ameliandaa swali hilo. Katika karatasi ya maandalizi, iliyojaa ukoloni, biashara na utambulisho, halimo. Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya klabu ya redio ni kukifikisha kitabu kizima kadiri inavyowezekana, kwa namna ambayo sikio linaweza kukifuata, kisha kunyamaza na kupokea simu.

Yaliyobaki

Hayakwisha yote. Wapo wasikilizaji walioendelea kuamini kwamba kitabu kile kinawadharau watu wa bara, na wana haki ya kubaki na maoni hayo baada ya kukisikia. Sauti nne zinataka mazoezi, na wanaojitolea wana kazi zao. Vipindi viwili vilirudi kwa msomaji mmoja kwa sababu wengine hawakufika. Msimu wa kilimo ukianza, saa tatu usiku ni saa ya kulala kwa mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri, kwa hiyo marudio ya Jumapili mchana ndiyo yanayosikilizwa zaidi vijijini, na hayo hayapokei simu. Mtayarishaji anafikiria kuyafanya marudio yawe kipindi chenyewe na usiku ubaki wa marudio. Mimi ningefanya hivyo kesho.

Uchaguzi wa kurasa sasa haufanywi na watu watatu wa studio. Mjumbe mmoja wa kila kikundi anakuja mjini mara moja kabla ya kitabu kuanza, anasimuliwa hadithi yote mpaka mwisho, na anasema ni wapi hataki parukwe. Nauli inalipwa na kituo.

Kitabu kinachofuata ni Shujaa Okonkwo, riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria katika tafsiri ya Clement Ndulute. Barua ya kuomba ruhusa imeshatumwa. Kikundi cha Bahi kimeomba kwamba mabaraza ya wazee yaliyomo kitabuni yasomwe na wazee wao wenyewe, na fundi mitambo atakwenda kuwarekodi kabla mvua hazijaanza kuharibu barabara.